Shilingi Itangulie Wapi? Kutunza na Kuboresha Laptopu Kuukuu Kabalagala

Mada kwa mafundi chipukizi, wanafunzi na wenye steshenari, Kabalagala, Kampala

1. Utangulizi



Ukishika Ggaba Road kutoka makutano ya Kabalagala hadi Kansanga, kilipo Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, huendi mbali kabla ya kukuta kibanda cha kuchapa na kutoa kopi. Mezani utaona HP EliteBook, Dell Latitude au Lenovo ThinkPad. Hizi ni mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi, nyingi zikatumika ng'ambo, kisha zikauzwa kwa mafungu na kufika kwetu. Kwa mashine ya aina hii mwanafunzi anaandika tasnifu, Mkongo aliyehamia hapa anajaza fomu, na mwenye kibanda anasomesha watoto wake.

Mashine hiyo ikianza kusuasua, mteja humwendea fundi na sentensi moja: "Imezeeka, niongezee ramu." Fundi anaongeza, analipwa, na baada ya wiki mteja anarudi na malalamiko yale yale. Hoja yangu leo ni kwamba laptopu kuukuu ina utaratibu wake wa kuhudumiwa: pima, safisha, badilisha diski, ongeza ramu, kisha shughulikia betri. Anayeruka hatua hulipa mara mbili.

2. Kwa nini jambo hili lina haraka

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa masahihisho ya bure ya kawaida kwa Windows 10. Watumiaji wa nyumbani walipewa njia ya kuendelea kupata masahihisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Windows 11 nayo ina masharti: kwa upande wa Intel, prosesa iwe ya kizazi cha 8 au zaidi, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kwa masharti hayo, sehemu kubwa ya mashine za vibanda vyetu zimebaki nje ya mlango ingawa bado zina nguvu ya kuandika, kuchapa na kuingia intaneti.

Anayeambiwa mashine yake imekwisha ataitupa. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Hapa Kampala hatuhitaji kuambiwa na mtu wa mbali kwamba taka nazo zina mwisho wa kubebeka: Agosti 2024 lundo la taka la Kiteezi liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30.

Kipya nacho kinyemi, kingawa kidonda. Laptopu nyingi mpya za bei ya chini zina ramu iliyolehemewa kwenye mazabodi na hifadhi ndogo iliyolehemewa vilevile. Hazifunguki wala haziongezeki. EliteBook 840 ya mwaka 2014 ina nafasi mbili za ramu na diski inayochomolewa. Kwa mtu wa kipato chetu, kufunguka huko ni mali.

3. Pima kabla ya kununua

Nitumie mfano wa mashine iliyozoeleka mitaani kwetu: EliteBook 840 G1, prosesa ya i5 ya kizazi cha 4, ramu ya GB 4 na diski ya kuzunguka ya GB 500. Mteja anasema inachukua muda mrefu kuwaka na inaganda akifungua kurasa kadhaa.

Iwashe, iache itulie, kisha fungua Task Manager. Tazama safu tatu. Diski ikiwa asilimia 100 hata pale usipofanya kazi yoyote, kidonda kiko kwenye diski. Ramu ikiwa karibu kujaa ukifungua kivinjari peke yake, ramu haitoshi. Prosesa ikiwa juu wakati wote, tafuta kwanza programu inayoila, virusi vikiwemo, kabla ya kulaumu chuma.

Hatua ya pili ni afya ya diski. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo huonyesha diski imetumika saa ngapi na kama ina sehemu zilizoharibika. Ikitoa onyo, acha kila kitu uhamishe mafaili ya mteja kwanza. Hatua ya tatu ni betri: andika amri ya powercfg /batteryreport, kisha linganisha uwezo wake wa kiwandani na uwezo wa sasa. Hatua ya nne ni masikio na kiganja: feni inavuma bila kukoma? Upande wa kutolea hewa unaunguza?

Kazi hii yote haizidi nusu saa na haihitaji kipuri hata kimoja. Fundi aitoze kama kazi kamili, na mteja akubali kuilipia.

4. Usafi na joto

Barabara za ndani za Kabalagala ni za vumbi jekundu. Kibanda cha steshenari mara nyingi kimepakana na sigiri ya muuza rolex, yaani chapati ya mayai, kwa hiyo feni ya laptopu inavuta vumbi, moshi na mvuke wa mafuta kwa pamoja. Mchanganyiko huo unaganda kati ya feni na mapezi ya shaba yanayopozea prosesa, hadi hewa inakosa pa kutokea. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi yenyewe isiungue. Mteja anaona uzito. Kumbe ni joto.

Ufunguaji una adabu zake. Zima mashine kabisa na uchomoe chaja. Kwenye 840 G1 mfuniko wa chini hufunguka kwa kitasa cha kutelezesha, bila bisibisi. Mashine nyingine zina skrubu za urefu tofauti. Chora umbo la mashine kwenye karatasi na uweke kila skrubu mahali ilipotoka, kwa sababu skrubu ndefu ikiingia tundu la fupi inaweza kutoboa mazabodi. Chomoa betri kabla ya kugusa kitu kingine. Gusa chuma kilicho wazi ili umeme tuli wa mwilini utoke, ndipo ushike ramu au diski.

Unapopuliza kwa blowa, zuia mapanga ya feni kwa kidole au kijiti. Ukiyaacha yazunguke ovyo unaharibu beringi yake. Uchafu ulioganda kwa mafuta hautoki kwa kupuliza tu. Feni itolewe, mapezi yasafishwe kwa brashi laini na alkoholi ya isopropili. Mafuta ya taa na petroli visikaribie meza hiyo.

Kati ya prosesa na bomba la shaba kuna dawa ya kupitisha joto ambayo hukauka na kupasuka kadiri miaka inavyopita. Futa ya zamani yote, paka mpya kiasi cha punje ya mchele, kisha kaza skrubu za bomba kwa kufuata namba zilizoandikwa kando yake. Kwa mashine ya kibandani, usafi huu ufanyike walau mara moja kwa mwaka.

5. Diski

Kama kuna shilingi moja tu ya kuboresha, iende hapa. Diski ya kuzunguka ina sahani inayokimbia mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono unaohama huku na huku kutafuta data. Windows inapowaka husoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotapakaa, na muda mwingi unapotea mkono huo ukihangaika. Diski ya SSD haina kinachozunguka. Kwenye muunganisho wa SATA inafika karibu MB 550 kwa sekunde, wakati ile ya zamani hufika karibu MB 100 inaposoma mfululizo, na hushuka vibaya mno kwenye mafaili yaliyotawanyika.

Kuna faida nyingine ambayo watu wa Kampala wataielewa upesi. Laptopu iliyofunikwa bila kuzimwa, ikatiwa begini na kupandishwa boda boda kwenye mashimo, inaweza kuumiza diski ambayo bado inazunguka. SSD inastahimili mtikisiko huo.

Kabla ya kununua, hakiki nafasi iliyopo. Mashine za miaka hiyo nyingi hupokea diski ya inchi 2.5 ya SATA. Chagua yenye unene wa mm 7. Zenye nafasi ya M.2 zinahitaji umakini zaidi, kwani nafasi moja inaweza kukubali SATA peke yake, nyingine NVMe, ingawa vipuri vinafanana kwa macho. HP na Lenovo hutoa bure vitabu vya huduma kwa modeli zao nyingi. Soma cha modeli yako kabla ya kupanda taksi kwenda mjini.

Sokoni kuna SSD bandia zinazojitangaza kuwa na ukubwa usiokuwepo. Uliyonunua ijaze data kwa programu ya H2testw au F3, ambazo huandika hadi mwisho na kusoma tena kuthibitisha. Diski isiyofaulu irudishwe siku hiyo hiyo. Kuhamisha mfumo mzima, Clonezilla inatosha na ni ya bure.

6. Ramu

GB 8 zinatosha kazi za steshenari na masomo. GB 4 hubana mara tu kivinjari kinapofungua kurasa nyingi. Kosa kubwa hapa ni la aina. Ramu ya DDR4 ina pini 260 na haiingii kwenye nafasi ya DDR3 yenye pini 204, kwa hiyo hilo linajionyesha lenyewe. Mtego uko ndani ya DDR3. Ipo ya volti 1.5 na ipo ya volti 1.35, na zote zinaingia kwenye nafasi moja bila shida. Mashine kama 840 G1 inataka ile ya volti 1.35, ambayo lebo yake huwa na alama ya PC3L. Ukiiwekea ya PC3 tupu, mashine inaweza kukataa kuwaka, na fundi asiyejua ataanza kuituhumu mazabodi. Herufi moja kwenye lebo imeshagharimu watu mashine nzima.

Inapowezekana, weka vijiti viwili vinavyolingana badala ya kimoja kikubwa, kwani prosesa husoma vyote kwa pamoja. Kwenye ThinkPad T430 kijiti kimoja hukaa chini ya kibodi, kwa hiyo usimwambie mteja nafasi zimejaa kabla hujainua kibodi hiyo.

7. Betri, chaja na umeme

Betri ikibakiwa na chini ya nusu ya uwezo wa kiwandani, mteja aanze kujiandaa. Mashine inayoshinda kwenye chaji ipangiwe kikomo cha karibu asilimia 80. ThinkPad zina mpangilio huo. Betri iliyovimba, ambayo mara nyingi hujitangaza kwa kuinua padi ya kugusia, iondolewe siku hiyo hiyo. Isitobolewe, isikandamizwe, isichomwe moto pamoja na takataka za kibanda.

Kwenye chaja, volti lazima zilingane. Wati ziwe sawa au zaidi. Chaja nyingi za HP ni volti 19.5, za Lenovo volti 20. Dell huitambua chaja yake: ukichomeka isiyotambulika, mashine inaweza kupunguza kasi na kugoma kuchaji. Wapo waliobadilishiwa mazabodi kwa tatizo la chaja.

Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Mvua ikianza kuchachamaa, chomoa chaja ukutani. Umeme ukikatika, chomoa vilevile, usubiri urudi na utulie. Kinga ya umeme iwe kipuri cha kwanza cha kila kibanda.

8. Pa kukomea

Ukarabati nao una mpaka. Ninapendekeza kanuni hii: jumla ya vipuri na ufundi ikizidi nusu ya bei ya mashine nyingine iliyotumika ya daraja hilo hilo, acha. Mazabodi iliyoungua kwenye mashine ya kizazi cha 3 au cha 4 kwa kawaida huangukia hapa. Itoe diski, ramu, skrini na kibodi ziokoe nyingine.

Kwa 840 G1 ya mfano wetu, hatukufika huko. Inahitaji usafi, SSD na kijiti cha PC3L. Baada ya hapo, kama mteja hataki kubaki na Windows 10 isiyo na ulinzi, Linux Mint itamwandikia na kumchapia bila kumdai leseni. Muhimu ni kuijaribu na printa yake kabla ya kumkabidhi.

9. Mapendekezo

Kwa mafundi: andikeni risiti ya kupokelea mashine yenye modeli, ukubwa wa ramu na namba ya diski. Diski iliyotolewa ni mali ya mteja pamoja na kila kilichomo. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 haimwachi nje mtu mwenye kibanda.

Kwa wenye steshenari: tengeni fungu dogo kila mwezi kwa ajili ya usafi na kinga ya umeme, kama mnavyotenga la wino na karatasi.

Kwa wanafunzi: wekeni nakala ya tasnifu mahali pawili kabla ya kumpa fundi yeyote mashine, hata awe ndugu yenu.

Kwa wateja wote: ulizeni kipimo kimeonyesha nini kabla ya kuuliza bei, na mkichukua mashine mdai na kipuri cha zamani. Fundi asiyeweza kuwaonyesha cha kwanza wala kuwarudishia cha pili, msimpelekee mashine nyingine.