Watu wa Mlima wa Musa

Usiku wa leo twapenda kusimulia habari za watu waliotolewa makwao mara mbili katika muda wa miaka 24, na misaada iliyowafikia kila mara.

Musa Dagh, yaani Mlima wa Musa, umesimama kando ya Bahari ya Mediterania, si mbali na mji wa kale wa Antiokia. Palikuwa na vijiji 6 vya Waarmenia huko, watu wa kufuga viwavi vya hariri, kutunza miti ya matunda na kuchonga vitana vya mti. Mwaka 1915 dola ya Waosmani ilikuwa ikiwahamisha Waarmenia na kuwaangamiza kwa mamia ya maelfu, na amri ya kuhama ikawafikia na hao. Wengi wao wakakataa. Walipanda mlimani na wake zao, watoto na mifugo, wakajihami muda wa majuma kadhaa. Chakula kilipokaribia kwisha, walitundika shuka mbili kubwa zielekeazo baharini: moja ilishonwa msalaba mwekundu, na ya pili iliandikwa maneno ya kuomba kuokolewa. Manowari ya Kifaransa iitwayo Guichen ikaziona. Hata mwezi wa Septemba mwaka huo watu zaidi ya 4,000 wakachukuliwa mpaka Port Said, penye mlango wa Mfereji wa Suez, bandari wanayoijua sana mabaharia wetu wapitao njia ya Ulaya.

Kwanza walipewa yale ambayo kila mkimbizi huyahitaji: hema, mkate na dawa. Waingereza, waliokuwa wakiitawala Misri wakati huo, waliiweka kambi. Chama cha hisani cha Waarmenia, kilichoanzishwa Cairo mwaka 1906, kikasimamia shule ya watoto. Lakini watu elfu nne wanaokaa mchangani wakingoja mkate hudhoofika hata kama mkate ni mwingi. Kwa hiyo ziliwekwa karakana: wanaume wakarudia kuchonga vitana vyao, wanawake wakatarizi vitambaa, na vitu hivyo vikauzwa.

Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu hupenda kuitumia methali hii kumsuta mgeni mvivu. Sisi twaona ina heshima ndani yake pia, maana anayepewa jembe amekwisha kuhesabiwa kuwa mtu wa nyumbani. Mchonga vitana aliyerudishiwa kisu chake hakupata riziki tu. Alipata tena jina lake la kazi, ambalo hakuna gunia la unga liwezalo kumpa.

Walikaa kambini mpaka mwaka 1919, vita ilipokuwa imekwisha, wakarudi vijijini kwao chini ya ulinzi wa Wafaransa. Wakajenga upya, wakapanda upya. Lakini mwaka 1939 Ufaransa iliikabidhi wilaya ile kwa Uturuki, na wengi wao, wakikumbuka yaliyopita, wakafunga mizigo tena. Safari hii walipelekwa Anjar, katika bonde la Bekaa, nchi ya Lebanoni.

Msaada wa mara hii ya pili ulichelewa, na kuchelewa kwake kuliua. Nyumba hazikuwa tayari. Majira ya baridi yaliwakuta hemani, na homa ya malaria ikawachukua wengi, hasa watoto. Ardhi walipewa, lakini ilikuwa ya mawe na miiba. Nyumba zilipojengwa zilikuwa ndogo sana, za chumba kimoja. Hata hivyo waliigawa Anjar mitaa 6, kila mtaa ukaitwa kwa jina la kijiji kimoja walichokiacha, wakaing'oa miiba na kupanda matofaa.

Kijiji kimoja tu cha Waarmenia, Vakıflı, kilibaki chini ya mlima, nacho kipo hata leo. Huko, na Anjar vilevile, katika sikukuu zao huteleka masufuria makubwa ya harisa, chakula cha ngano na nyama kipikwacho usiku kucha, ambacho mtu wa pwani yetu akikionja angesema kuwa ni bokoboko.