Mzee Majuto kwenye kibanda cha video

Mchekeshaji Amri Athumani, tuliyemwita Mzee Majuto, alizaliwa Tanga mwaka 1948, akafariki katika Hospitali ya Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Hapa Kibiti tulimjua kwenye vibanda vya video vya kando ya barabara iendayo Lindi, watu tumebanana kwenye mabenchi. Alianzia jukwaani, filamu zilimkuta amekwisha kuiva. Ndiyo maana aliponyamaza tu, akakodoa macho, kibanda kizima kiliangua kicheko.

Kinachoniuma ni malipo ya wasanii kama yeye. Hadi mzee yu kitandani ndipo Mwakyembe, aliyekuwa waziri wa sanaa wakati huo, alipounda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii. Ingefaa ipitiwe mapema, angali na nguvu zake. Na msanii akishafariki, filamu yake ikiuzwa, mjane na watoto wapate mgawo wao.