Jirani wa Shule: Mhadhara wa Kiprofesa Kuhusu Watumishi, Viwanja na Sekondari za Dodoma



Ratiba inasema nitazungumzia historia ya mitaala. Mada hiyo itasubiri. Katika semina ya ndaki yetu, mwenzangu mmoja mchumi, ambaye namwona hapo safu ya tatu na bado ananidai kahawa, alitoa hoja iliyoninyima usingizi. Mtumishi anayehamishia familia Dodoma, alisema, aanze na matokeo ya kidato cha nne. Achukue shule zilizo juu, azitafute kwenye ramani, kisha anunue kiwanja jirani na mojawapo, hata kwa mkopo. Ukumbi ulipiga makofi, na nusu ya waliopiga walikuwa wazazi.

Historia ya makao makuu mnaijua: uamuzi wa 1973, kusuasua kwa miaka arobaini na ushei, tamko la Julai 2016, Rais mwenyewe kuhamia Oktoba 2019. Sina haja ya kuirudia. Kinachosemwa kidogo ni familia zilizogawanyika. Panda treni ya umeme ya Ijumaa jioni kwenda Dar es Salaam, usikilize abiria wanavyopigiwa simu: baba anaulizwa ada, mama anaulizwa daftari la fizikia. Wengi wao hawakuacha watoto Dar kwa kuipenda bahari. Waliwaacha kwa sababu ya shule. Kwa hiyo swali la mwenzangu ni zito. Ugomvi wangu uko kwenye jibu lake.

Hoja yake ameiazima Marekani, na huko ina mashiko. Sandra Black, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, alichukua vitongoji vya Boston na kulinganisha nyumba zilizo pande mbili za mpaka mmoja wa shule: majirani wa mtaa uleule, watoto wao wakigawanywa na mstari wa ramani. Shule ikiwa na alama za juu kwa asilimia 5, mzazi alilipa takriban asilimia 2.5 zaidi kwa nyumba. Ni kazi safi, nami huwasomesha wanafunzi wa mwaka wa tatu. Lakini ni utafiti wa shule za msingi, katika nchi ambayo anwani yako ndiyo tiketi ya mtoto wako. Mstari ule una nguvu ya kisheria. Ondoa mstari, na bei ya nyumba inabaki bila cha kuisimamisha.

Sasa tuje kwetu. Msalato Sekondari iko hapa hapa Dodoma. Ni shule ya wasichana wenye vipaji maalumu, ya bweni, na inapokea wasichana waliochaguliwa kwa alama kutoka kila pembe ya nchi. Unaweza kujenga ukutani mwa Msalato, ukawa unasikia kengele yao kila alfajiri, na binti yako akapangiwa kwingine. Kibaha, Ilboru, Mzumbe, Kilakala na Tabora ni vivyo hivyo. Shule binafsi tulizozoea kuzisikia katika kumi bora, St. Francis ya Mbeya au Kemebos ya Kagera, zina mabweni yao na usaili wao, na hakuna anayeuliza unaishi kata gani. Maana yake ni kwamba shule za juu kwenye orodha ya mwenzangu ndizo hasa ambazo ujirani haukupi chochote.

Hili nalijua tangu utotoni. Baba yangu alikuwa karani wa reli, na kwa muda tuliishi Tabora, mwendo mfupi kutoka Tabora Boys. Baba alijivunia ujirani ule kana kwamba yeye ndiye aliyeijenga. Jumapili alitupitisha pale akituonyesha madarasa na kututajia kwamba Mwalimu Nyerere alisoma humo, naye alitokea Butiama, mbali kabisa na Tabora. Sijui kama alisikia alichokuwa anatuambia. Kati ya ndugu zangu hakuna aliyesoma Tabora Boys. Mimi serikali ilinipeleka Songea, na dawati ambalo baba alilitamani akalikalia kijana wa Mtwara.

Mwenzangu atajibu, na amekwisha kunijibu kwenye korido, kwamba basi tuziache hizo na tuangalie shule za kutwa. Hata kati ya za kutwa ziko zinazofaulisha na zisizofaulisha. Ni kweli. Lakini ufaulu huo unapima nini?

Hapa nawaomba uvumilivu, maana nafika kwenye makala ninayoyapenda kuliko yote yaliyoandikwa kuhusu sekondari za Afrika Mashariki. Adrienne Lucas na Isaac Mbiti, mwaka 2014, walichunguza shule za kitaifa za Kenya, zile ambazo enzi hizo zilikuwa 18 tu na ambazo mzazi wa Kenya angeziuzia ng'ombe. Walifanya jambo rahisi na la kijanja. Waliwachukua watoto waliopita kwa nywele mtihani wa darasa la nane wakaingia shule ya kitaifa, wakawalinganisha na waliokosa kwa nywele wakaenda shule za ngazi ya chini. Watoto hawa, siku ya kupangiwa shule, ni walewale. Baada ya miaka minne mmoja ametoka kwenye maabara na jina kubwa, mwingine ametoka shule ambayo nje ya mkoa wake haijulikani. Kwenye mtihani wa kidato cha nne, tofauti yao kwa jumla haikuonekana.

Nilipoyasoma mara ya kwanza nilirudi kwenye majedwali nikitafuta kosa. Nakiri utafiti una mipaka yake: unawahusu watoto wa kwenye mstari wa alama, na haupimi heshima, marafiki wala milango ambayo jina la shule hufungua baadaye. Mwenzangu anaweza kushika hapo, na ashike. Lakini hawezi tena kutuonyesha orodha ya ufaulu na kuiita orodha ya ubora. Kumsifu mwalimu mkuu kwa watoto waliochujwa taifa zima ni kumsifu mpishi kwa mchele alioletewa umeshachambuliwa. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora. Wazazi walilalamika, nami nilishangilia peke yangu mbele ya redio.

Kuna ushahidi mwingine unaomgusa mzazi anayehama. Kati ya 1994 na 1998 serikali ya Marekani iliendesha jaribio katika miji mitano, likihusisha familia takriban 4,600 zilizoishi kwenye nyumba za umma katika mitaa maskini. Kwa bahati nasibu, baadhi zilipewa vocha ya kuhamia mitaa yenye umaskini mdogo. Miaka mingi baadaye Raj Chetty, Nathaniel Hendren na Lawrence Katz waliwafuatilia watoto kupitia kumbukumbu za kodi. Waliohama kabla ya kufikisha miaka 13 walikuwa wakipata kipato cha juu kwa takriban theluthi moja walipokuwa watu wazima. Waliohama wakiwa vijana hawakunufaika, na dalili ni kwamba waliumia kidogo, pengine kwa kung'olewa walipokuwa wameshaota mizizi. Mtaa una nguvu, basi, lakini nguvu hiyo humwingia mtoto polepole. Anayengoja mtoto afike kidato cha pili ndipo ahame kufuata sekondari amechelewa kwa kipimo chochote.

Na ninyi mnajua urasimu wetu. Kwa sekondari za kutwa za serikali, mgawanyo hufanywa ndani ya halmashauri, ukifuata shule ya msingi ambako mtoto alifanyia mtihani. Atakayehama baadaye ataingia kwenye safari ya barua ya uhamisho: mkuu wa shule anakotoka, mkuu wa shule anakokwenda, maofisa elimu wa pande zote mbili, na neno "nafasi" kuamua yote. Kama mnataka ushauri wa kununua kiwanja, nunueni mtoto akiwa darasa la tatu, mumwandikishe msingi palepale.

Sasa nifike mahali ambapo mwenzangu husema nimeacha sayansi na kuanza kuhubiri. Mwaka 1976 kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto ilikabidhi mpango mkuu wa makao makuu ya Dodoma. Nina nakala yake chakavu, nimeusoma mpaka gundi imeachia. Watu huutaja kama ndoto iliyofeli. Mimi nauona kama maandishi yenye busara kuliko mengi yanayoletwa leo kwa picha za rangi. Kipimo chake cha msingi ni nyumba kumi, shina lile lile la balozi wa TANU. Nyumba kumi zinakusanyika kuwa mtaa, mitaa inakuwa jumuiya, na jumuiya zinaunganishwa na njia ya mabasi. Gari binafsi halikupewa ufalme. Barabara kuu za maonyesho ziliachwa, na mji ukafuata vilima na miti ilivyo. Mtembea kwa miguu ndiye raia wa kwanza wa ramani ile, na huduma za kila siku zilikusudiwa kufikiwa naye bila kupanda chochote.

Someni mpango ule, kisha mwende Iyumbu au Nala saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Mtamwona mwanafunzi wa sekondari amesimama kandokando ya lami, konda anapita akiangalia upande wa pili kwa sababu nauli ya mwanafunzi haimlipi. Mtaona wawili wamepakizwa bodaboda moja. Jioni wanarudi giza limeingia, na twisheni bado.

Msimamo wangu ni huu, na sijafanikiwa kujitoa kwake hata ushahidi unapoyumba: kwa familia inayohamia Dodoma, sekondari ya kata ambayo mtoto anaifikia kwa miguu ni bora kuliko shule yenye jina iliyo ng'ambo ya jiji. Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walionyesha kwamba katika jimbo la Bihar, India, kuwapa wasichana baiskeli za kwendea sekondari kuliongeza uandikishaji wao kwa takriban theluthi moja, hasa vijiji vilivyokuwa mbali na shule. Naam, Bihar si Kisasa ya hapa Dodoma, na mtoto wa mkurugenzi hataacha shule kwa kukosa baiskeli. Mtoto wa mkurugenzi ana dereva. Nazungumza juu ya wahudumu, makatibu muhtasi, madereva wenyewe, walimu.

Kwa hao, maswali ya kuuliza kabla ya kulipia kiwanja yako karibu kuliko tovuti ya matokeo. Shule ya kata ina walimu wangapi wa hisabati na fizikia walioajiriwa, na wangapi wa kujitolea? Maabara ina maji? Njia ya kwenda inavuka barabara kuu wapi, na korongo lile masika linapitika? Halafu nendeni ofisi ya mipango miji mkaombe mchoro wa eneo. Tafuteni kile kipande kilichoandikwa shule. Simameni juu yake kwa miguu yenu mwone kama bado ni kiwanja cha shule au kimeshaota msingi wa nyumba ya mtu. Kikiwa kimeota, ulizeni mbele ya mtendaji wa kata ni nani aliyebadili matumizi, na mwandike jibu.

Na msikope kupita kiasi. Kwa sekondari, mtaa mliouchagua mnautumia miaka minne tu. Mtoto akifaulu kidato cha nne, TAMISEMI itampangia kidato cha tano, na yumkini atapanda basi kwenda mkoa ambao hamkuufikiria, akalale bwenini na watoto wa wale waliokuwa wakinunua viwanja karibu na shule nyingine. Mwenzangu wa safu ya tatu ameinua mkono tangu nilipotaja Bihar. Tumpe kipaza sauti.