Maziwa Yanayobaki Nyumbani

Tangu Novemba 2021, msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Je, mtoto aliyeachwa na bibi atakula nini? Maziwa ya mama yake!

Dada, nawa mikono, kamulia kwenye chombo safi chenye mfuniko, weka kivulini penye ubaridi. Bila friji, yasizidi masaa 4. Kwa hiyo mchana omba ruhusa ukanyonyeshe. Kwenye friji hukaa siku 4, yakigandishwa miezi 6.

Bibi asiyachemshe. Aweke chombo ndani ya maji ya uvuguvugu, kisha amnyweshe mtoto kwa kikombe. Yakibaki kikombeni, asimwekee baadaye.

Na wewe kaka unayecheka: mtoto huyo ana baba pia!