Hukumu kwa Lugha ya Mshtakiwa

Msikilizaji, mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Kabla ya hapo, kuanzia mahakama ya wilaya kwenda juu, shahidi aliulizwa na kujibu kwa Kiswahili huku hakimu au jaji akiandika kwa Kiingereza. Kilichobaki kwenye jalada hakikuwa maneno ya shahidi, bali tafsiri ya aliyeandika. Na rufaa husikilizwa kwa kutazama jalada hilo hilo.

Mfikirie mfungwa asiye na wakili. Anakabidhiwa nakala ya hukumu kwa Kiingereza, hasomi hata aya moja, na siku za kukata rufaa zinahesabiwa. Anamtafuta mwenzake gerezani aliyefika sekondari amfasirie. Sababu za rufaa zinaandikwa kwa kubahatisha. Hiyo si haki.

Sheria ile iliruhusu Kiingereza pale haki itakapohitaji, na ruhusa hiyo inatumiwa mno: hukumu nyingi za Mahakama ya Rufani bado hutoka kwa Kiingereza. Ni kweli, sheria nyingi na vitabu vya mawakili viliandikwa kwa lugha hiyo, na kuvitafsiri ni kazi nzito. Lakini mzigo huo ni wa serikali, si wa mfungwa. Na mzee wa Kibarbaig asiyekimudu Kiswahili naye atafutiwe mkalimani mapema, si kuokotewa mtu koridoni.

Mahakama na Wizara ya Katiba na Sheria zianze na hili: kila aliyehukumiwa kifungo apewe hukumu yake kwa Kiswahili, siku ile ile anayopewa ya Kiingereza.