Kelele za Rafiki, Ushindi wa Supa Modo

Msikilizaji anayetaka mwaka wa kubishania filamu za Kenya aanze na 2018. Aprili, bodi ya kuainisha filamu iliipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, kisa cha wasichana wawili wanaopendana. Mwezi uliofuata ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika tamasha la Cannes. Septemba, Mahakama Kuu ikairuhusu kwa siku 7, kwa watu wazima tu, na kumbi za Nairobi zikafurika. Marufuku ikageuka tangazo la bure.

Rafiki inapendeza kwa rangi na muziki, ila baba wa wasichana hao, wote wanasiasa, wamechorwa harakaharaka.

Filamu bora ya mwaka ule ilikuwa nyingine. Supa Modo ya Likarion Wainaina inamfuata Jo, mtoto wa miaka 9 mwenye ugonjwa usiopona, anayeota kuwa shujaa wa sinema. Dada yake anamwaminisha kwamba ana nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinaingia katika njama hiyo. Uongo huo ungeweza kuwa utamu mtupu. Unaponea kwa mama, asiyetaka maigizo: anataka mwanawe alale, apumzike. Filamu hii ndiyo iliyotumwa kuiwakilisha Kenya kwenye Oscar, na kwa hilo wateuzi hawakukosea.