Wasanii wa Vijijini Wafundishane

Leo nataka tuzungumze juu ya vikundi vyetu vya ngoma na maigizo vya Handeni na Korogwe. Kila penye kampeni ya chanjo, ya vyoo au ya UKIMWI, vikundi hivi huitwa. Hucheza, hupigiwa makofi, hupewa nauli na soda, kisha hurudi makwao. Nani huwaambia walipokosea? Aghalabu hakuna. Na wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Hasara yake si ndogo. Kikundi kikiwaimbia akina mama wachemshe maji, bila kuuliza maji na kuni vinapatikana wapi, mama anayeamka alfajiri kwenda lamboni atacheka tu, na ujumbe utapotea. Msanii huyo hakukosa kipaji. Alikosa kufundishwa kusikiliza kwanza.

Njia hiyo si ngeni nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, mkoani Mwanza. Hawakubeba mchezo ulioandikwa mjini. Waliwauliza wanakijiji matatizo yao, na miongoni mwa yaliyojitokeza ni mimba za wasichana. Wenyeji wakashiriki kutunga kwa ngoma zao, wakacheza, kisha wakajadili. Profesa Penina Mlama ameyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1991.

Somo hilo lisibaki vitabuni. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa, kinafundisha sanaa. Lakini mcheza selo anayetegemea shamba lake la mahindi hawezi kuliacha akakae Bagamoyo.

Kwa hiyo napendekeza vikundi vya wilaya hizi mbili vikutane kila baada ya miezi mitatu, mara Handeni, mara Korogwe. Kila kikundi kilete mchezo uliokishinda, si ule unaosifiwa. Wakazi waseme kwanza, wasanii wasikilize. Fundi wa ngoma amfunze mwenzake. Anayejua kuongoza majadiliano naye atoe alichonacho. Yote yaandikwe daftarini.

Najua vikundi hushindania mialiko, na mtu huficha ujuzi wake. Lakini kijiji kisichoelewa ujumbe hakimfaidii yeyote kati yao. Maafisa utamaduni na halmashauri nao watafute nauli na chakula, kwani aliyeacha palizi siku nzima hastahili kurudi na njaa.

Tunawaita wasanii wetu walimu wa jamii. Basi nao wapewe nafasi ya kujifunza.